Serikali na Hodi: Ufafanuzi wa Haki ya Faragha katika Mawasiliano ya Kielektroniki

Makala haya yanakusudia kufafanua dhana ya faragha katika mawasiliano ya kielektroniki na kuonyesha mipaka ya dola inapoyachunguza mawasiliano ya raia.

Yafaa kwanza tutofautishe siri na faragha, kwa kuwa maneno haya aghalabu huchanganywa. Siri ni jambo ambalo mwenyewe hataki lijulikane. Faragha ni mamlaka ya mtu kuamua nani aingie kwake na lini. Afungaye mlango wa chumba chake si lazima awe anaficha kosa. Kwa hivyo, hoja kwamba asiye na la kuficha hana la kuogopa hujibu swali la siri na kuliacha la faragha. Mila zetu huitambua tofauti hii: mgeni hupiga hodi, na asipoitikiwa hurudi alikotoka, hata kama nyumbani hamna kilichofichwa.

Je, simu ina mlango? Nchini Marekani, katika kesi ya Olmstead ya mwaka 1928, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kunasa mazungumzo kupitia nyaya zilizo nje ya nyumba si upekuzi, kwa vile hakuna aliyeingia ndani. Mwaka 1967, katika kesi ya Katz, ambapo wapelelezi wa FBI walitega kinasa sauti nje ya kibanda cha simu, mahakama hiyo hiyo iligeuza msimamo wake: Katiba humlinda mtu, si mahali. Kibali cha hakimu kikawa ndiyo hodi ya serikali.

Hata hivyo, mwaka 1979 mahakama hiyo ilishikilia kuwa orodha ya namba zilizopigwa haina kinga hiyo. Hapa ndipo penye utata, kwani bahasha nayo husimulia. Mtu anayempigia daktari wa saratani, kisha ndugu zake, kisha wakili, ameeleza mengi bila neno lake hata moja kusikika. Ufichuzi wa Edward Snowden mwaka 2013 ulidhihirisha kwamba shirika la NSA lilikuwa likikusanya rekodi za namna hii za mamilioni ya Wamarekani.

Nchini Kenya, Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano waziwazi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ikafuata mwaka 2019. Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba, Mahakama Kuu ilikataa ukusanyaji wa taarifa za DNA na za GPS za makazi ya raia.

Hatusemi kwamba serikali isichunguze kamwe, wahalifu wapo. Tunalosema ni kwamba ipige hodi mahakamani, itaje inamtafuta nani na kwa sababu gani. Nasi wanataaluma wa Kiswahili tuna wajibu wetu. Tukiitafsiri haki hii kuwa "haki ya usiri", tunamfanya mwenye haki aonekane mshukiwa. Hatuna budi kuiita kwa jina lake: faragha.