Ugali Ukikwama Kifuani, Upimwe Nini?

Mkazi wa Nakapanya, kwenye barabara ya Tunduru kwenda Masasi, akianza kukwamwa na ugali kifuani, baadaye uji, mwisho hata maji, asikimbilie dawa za kiungulia. Kipimo cha kwanza ni endoskopi: mpira wenye kamera unaopitishwa kinywani. Saratani ya umio imeshamiri katika ukanda unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, nasi tumo humo. Lazima itafutwe kwanza.

Kamera isipoona uvimbe wala kovu, bado mgonjwa hajapona. Sasa swali ni kama umio unafanya kazi. Misuli yake hujikaza kwa zamu kutoka juu kushuka chini, na mlango wa chini hulegea ili chakula kiingie tumboni. Kwa mwenye ugonjwa uitwao akalasia, mlango huo haulegei sawasawa.

Kazi hiyo hupimwa kwa manometri. Mgonjwa hupitishiwa mrija mwembamba puani, kisha humeza mafunda 10 ya maji, kila moja mililita 5. Mirija ya zamani ilikuwa na vihisio vichache vilivyoachana sentimita 3 hadi 5. Ya kisasa huwa na hadi 36, kila baada ya sentimita 1, na kompyuta huchora mgandamizo kwa rangi.

Picha ni nzuri, lakini je, zina tija? Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2016 uliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Mrija mpya uligundua akalasia kwa asilimia 26 ya waliopimwa, wa zamani asilimia 12. Baada ya miezi 6, majibu yalithibitika kwa asilimia 89 dhidi ya 81, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kutangaza mshindi. Kwa hiyo mrija mpya hunasa wengi zaidi. Kwamba majibu yake ni ya uhakika zaidi, utafiti huo haukulithibitisha.

Tena mashine hizo ni ghali na zinataka msomaji aliyefundwa. Kipo kipimo cha bei nafuu zaidi. Mgonjwa hunywa bariamu, maji mazito meupe, akiwa amesimama, na eksirei hupigwa dakika ya 1, ya 2 na ya 5. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2018, kimo cha bariamu cha sentimita 2 dakika ya 5 kiliwanasa takriban wagonjwa 85 kati ya 100 wenye akalasia, na kuwaondolea shaka 86 kati ya 100 wasio nayo. Kinachotakiwa ni eksirei, bariamu na saa.

Kwa mgonjwa wa Nakapanya, ambaye hata Songea ni safari, tija ya kipimo ihesabiwe kwa wangapi kimewafikisha kwenye tiba: kutanuliwa mlango wa chini wa umio kwa puto, au upasuaji wa kukata msuli wake, ambao daktari Ernst Heller aliufanya tangu 1913. Basi endoskopi ikiwa safi na chakula bado kinakwama, usikubali kuambiwa huna kitu. Muulize daktari kuhusu picha ya bariamu ya kuhesabu dakika.