Saa 15 Kwenda, Saa 14 Kurudi

Tangu Kenya Airways ianze kuruka moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, tarehe 28 Oktoba 2018, swali ni lile lile: mbona kwenda huchukua kama saa 15 na kurudi kama saa 14, ilhali umbali haubadiliki, kilomita 11,800 na ushee? Na muulizaji huwa amekwisha kujijibu: eti ni kwa sababu Dunia inazunguka.

Sivyo. Dunia huzunguka kuelekea mashariki. Kama ndege ingekuwa inaning'inia angani huku ardhi ikipita chini yake, New York ingekuwa inaijia ndege iliyotoka Nairobi, na safari ya kwenda ndiyo ingekuwa fupi. Ratiba zinasema kinyume chake! Tena, karibu na ikweta ardhi huenda kilomita 1,670 kwa saa. Helikopta ingepaa juu ya Nairobi, itulie hapo saa moja tu, kisha ishuke kwenye misitu ya katikati ya Kongo. Jambo hilo halijapata kutokea, kwa kuwa hewa huzunguka pamoja na Dunia, na ndege yenyewe ilikuwa na mwendo huo kabla magurudumu hayajaacha lami. Abiria wa treni ya Mombasa akirusha chungwa juu, linamrudia kiganjani. Haliangukii behewa la nyuma.

Atakayetaka ushahidi zaidi atazame safari za Nairobi na Entebbe. Hapo ikwetani ndipo ardhi inapokwenda kasi kuliko popote, lakini kwenda na kurudi ni saa moja na dakika kadhaa, na tofauti yake ni ndogo mno.

Kinachokula muda ni upepo. Huko kaskazini, kilomita 9 hadi 12 juu, pale hewa baridi ya upande wa ncha inapokutana na hewa ya joto, huvuma mkondo mwembamba kutoka magharibi kwenda mashariki, mara nyingi kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. (Mzunguko wa Dunia huchangia kuupinda upepo huo, ukweli wa imani ile unaishia hapo.) Anayekwenda New York hupambana nao, anayerudi husukumwa nao. Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida hupita saa 6. Dunia haikuongeza mwendo usiku ule.

Kwa mwenye safari: saa za kwenye tiketi ni za kila mji. Kuondoka Nairobi 23:30 na kufika New York 06:30 wakati wa baridi si saa 7 bali 15, maana tofauti ya majira ni saa 8. Kiangazi chao ni 7. Mkondo hupamba moto Desemba hadi Februari, kwa hiyo anayeunganisha ndege Marekani ajiachie saa 3 au zaidi, kwani uhamiaji hukaguliwa kiwanja cha kwanza. Na safari zote ziwe kwenye tiketi moja, ili akichelewa shirika limpangie ndege nyingine.