Kutu Katika Bampa la Lori: Kwa Nini Rangi Peke Yake Haitoshi

Lori linalosafiri kati ya bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Tunduma halichukui miaka mingi kabla bampa lake halijaanza kuonyesha madoa mekundu. Mwenye lori hulipeleka kwa fundi. Fundi hukwangua juu juu, hupaka rangi, na bampa hung'aa kama jipya. Mvua za msimu mmoja zikipita, rangi hufura malengelenge, na chini yake chuma kimekwisha chimbika zaidi kuliko awali. Hapo fundi hulaumiwa kwa uvivu, na rangi kwa ubovu. Lakini mara nyingi chanzo cha hasara hiyo ni kutofahamu kutu ni kitu gani.

Kutu ni kazi ya umeme

Watu wengi hudhani kwamba kutu ni uchafu unaotoka nje na kushika chuma. Sivyo. Kutu ni chuma chenyewe kilichogeuka. Ili kigeuke, ni lazima maji na oksijeni viwepo pamoja. Kikikosekana kimoja, kutu haitokei.

Tone la maji likitua juu ya chuma, hufanyika seli ndogo ya umeme, mfano wa betri. Mahali pamoja, paitwapo anodi, atomi za chuma huacha elektroni zake na kuingia majini zikiwa ioni:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Elektroni hizo hupita ndani ya chuma mpaka mahali pengine penye oksijeni nyingi, paitwapo kathodi. Huko hupokewa na oksijeni pamoja na maji:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Ioni za aina hizi mbili hukutana, hupata oksijeni zaidi, na mwisho wake ni oksidi ya chuma iliyoshika maji, yaani kutu.

Kutokana na maelezo haya tunajifunza mambo mawili. Kwanza, chuma huliwa zaidi mahali ambapo oksijeni ni haba, kwa kuwa hapo ndipo panapokuwa anodi. Mahali pa namna hiyo ni chini ya tope lililoganda nyuma ya bampa, kwenye viungo vya boliti, na chini ya rangi iliyoinuka. Pili, chumvi huongeza kasi, kwa sababu huyawezesha maji kupitisha umeme kwa urahisi, tena huvuta unyevu wa hewani. Lori lililolala karibu na bahari huondoka na chumvi hiyo. Umande wa usiku kule Makambako huilowesha upya, ingawa pwani imeachwa mbali sana.

Zaidi ya hayo, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana huinua rangi. Tena ina vinyweleo vinavyohifadhi maji. Kwa hiyo anayepaka rangi juu ya kutu huifungia seli ndani, pamoja na maji yake na chumvi yake.

Zinki na kromi si kinga za namna moja

Baadhi ya mabampa hufunikwa kwa zinki, na mengine kwa nikeli iliyopakwa kromi juu yake. Hebu tutazame uwezo sanifu wa metali hizi: zinki ni volti −0.76, chuma −0.44, na nikeli −0.25. Zinki hutoa elektroni kwa wepesi kuliko chuma. Hata ikikwaruzwa na chuma kikaonekana, huliwa yenyewe kwanza na kukinusuru chuma. Kanuni hii si ngeni: mwaka 1824 mwanakemia Mwingereza Humphry Davy aliieleza Royal Society ya London jinsi vipande vya zinki au chuma vinavyoweza kulinda shaba iliyofunika merikebu.

Nikeli hufanya kinyume. Pakitokea tundu dogo, chuma huwa anodi, na eneo pana linalokizunguka huwa kathodi. Nguvu yote ya seli huelekea kwenye tundu hilo. Mwanafunzi hodari atauliza: mbona kromi ina volti −0.74, na hailindi chuma kama zinki? Jibu ni kwamba kromi hujifunika utando mwembamba wa oksidi yake unaoizuia isiliwe.

Namna ya kutengeneza

Lifungue bampa, maana ugonjwa mkubwa uko nyuma. Lioshe kwa sabuni na maji mengi yasiyo na chumvi, kisha likauke. Ondoa rangi iliyoinuka na kutu yote kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Vaa miwani na glavu, na funika pua na mdomo, kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na risasi. Siku hiyo hiyo, kabla umande haujatua, paka rangi ya msingi yenye zinki nyingi. Zinki hiyo haifanyi kazi isipogusana na chuma kitupu. Ikikauka, ongeza rangi ya juu mara mbili, mbele na nyuma, na zipake boliti grisi. Baada ya hapo, kuosha tope na chumvi mara kwa mara ndiyo kinga iliyo rahisi kuliko zote.

Ikiwa kutu imetoboa, usizibe tundu kwa bodi fila ukadhani umetengeneza. Sehemu hiyo ikatwe, na chuma kipya kichomelewe. Bampa la nyuma la lori huzuia gari dogo lisiingie chini yake wakati wa ajali, na bodi fila haina nguvu ya kuzuia lolote.

Jaribio la darasani

Chukua misumari mitatu: mmoja wa kawaida uliosuguliwa kwa msasa, wa pili wa kawaida uliozungushiwa waya mtupu wa shaba, na wa tatu wa kuezekea bati, ambao umepakwa zinki, uliokwaruzwa mstari mmoja kwa tupa mpaka chuma kionekane. Iweke katika vikombe vitatu vya maji ya chumvi, na uandike kila siku unachokiona kwa muda wa juma moja. Ni msumari upi unaotangulia kushika kutu, na ni upi unaokawia? Mwanafunzi atakayeweza kueleza sababu ataweza pia kumweleza mwenye lori kwa nini alilipia rangi mara mbili.