Maelezo ya Zana kwa Msomaji Asiyeweza Kuuliza

Wameanza kuwapo watu ambao, wakitaka kujua kozi ya umeme wa majumbani huanza lini, hufundishwa wapi na ada yake ni kiasi gani, hawamwendei tena karani wa chuo dirishani, bali humwuliza wakala wa akili mnemba, yaani programu iliyojengwa juu ya modeli ya lugha na kupewa idhini ya kutumia programu nyingine kwa niaba ya mwulizaji. Wakala huyo, hata awe hodari wa kunena kiasi gani, hana elimu ya ghaibu: modeli yake ilifundishwa kwa maandishi ya siku zilizopita, ilhali ada ya muhula huu na tarehe ya kufungua darasa zimo katika hifadhidata ya chuo, na njia ya kuzifikia ni zana aliyoiunda mtayarishaji programu na kuiambatanisha na maelezo. Maelezo hayo, ambayo aghalabu huandikwa mwisho na kwa haraka kana kwamba ni pambo tu, ndiyo ninayotaka kuyazungumzia, kwa kuwa ubora wa jawabu hutegemea hayo kuliko watu wanavyodhani.

Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol, ambao baadaye ulikubaliwa hata na washindani wake, OpenAI na Google miongoni mwao. Katika utaratibu huo, seva humtambulisha wakala kwa kila zana kwa kumpa jina lake, maelezo yake kwa lugha ya kawaida, na sura ya vigezo inavyovipokea, iliyoandikwa kwa kanuni za JSON Schema. Wakala huomba orodha ya zana, akaisoma, kisha akaamua aite ipi na aipe nini. Msimbo ulio nyuma ya zana hauoni, na aliyeuandika hamjui wala hawezi kumwuliza. Ibara chache alizozisoma ndizo maarifa yake yote.

Tuseme basi chuo kimoja cha ufundi kimeunda zana iitwayo tafuta_kozi, na maelezo yake ni haya tu: “Hutafuta kozi.” Maneno hayo si ya uongo, ila hayafai kitu. Je, hutafuta kwa jina la kozi au kwa fani? Huzileta kozi zilizokwisha pamoja na zijazo? Wakala asipopata jawabu hukisia, na kisio lake humfikia mwulizaji likiwa limevikwa ufasaha, hata asilitilie shaka. Maelezo ya kuridhisha yangesema: “Hutafuta kozi ambazo bado hazijaanza, kwa fani au kwa tawi la chuo, na kurudisha tarehe ya kuanza na ada. Haionyeshi nafasi zilizobaki. Kwa hilo tumia angalia_nafasi. Hurudisha kozi 20 kwa mara moja. Zikizidi, omba ukurasa unaofuata.” Kwa maoni yangu, sentensi yenye thamani kuu hapo ni ile inayotaja zana isichofanya, nayo ndiyo waandishi wengi huiacha, yamkini kwa kuona haya kutangaza upungufu wa kazi yao.

Ama vigezo vya zana na majibu yake, humo mna mitego mingi. Tarehe 03/04/2026 Mmarekani huisoma 4 Machi, na msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi huisoma 3 Aprili. Kwa hiyo sharti ielezwe bayana kwamba huandikwa 2026-04-03, mwaka ukitangulia, kama iagizavyo kanuni ya kimataifa ya ISO 8601. Saa nazo, kwetu sisi tunaohesabu tangu macheo, zataka hadhari zaidi: karani akijaza “saa 2:00” akikusudia kipindi cha asubuhi, wakala aliyezoea hesabu ya Kizungu anaweza kumwambia mwanafunzi kuwa darasa ni saa nane za usiku. Iandikwe basi 08:00, na maelezo yaseme kwamba hiyo ndiyo saa mbili asubuhi. Kadhalika ada ya 60000 isiyotajiwa sarafu ni fumbo, maana shilingi ya Kenya na ya Tanzania zimeachana mbali mno kwa thamani.

Jambo jingine ni jawabu tupu. Zana ikirudisha orodha isiyo na kitu, je, kozi hamna, au jina la fani limekosewa, au hifadhidata haikupatikana? Haya ni mambo matatu mbalimbali, na wakala asiyetofautishiwa atamwambia mtu kwamba chuo hakifundishi ushonaji, kumbe kinafundisha. Ujumbe wa kosa nao uandikwe ukimwelekeza: “Fani ‘mshonaji’ haimo; zilizomo ni ushonaji, useremala, umeme na magari.” Akiusoma huo, hujisahihisha na kuita tena.

Nisieleweke kuwa nausifu wingi wa maneno. Maelezo ya zana zote aghalabu hupakiwa pamoja na mazungumzo, na yakirefuka kupita kiasi hula nafasi iliyokusudiwa kwa haja ya mwulizaji, na tena huongeza gharama. Afadhali zana chache zenye mipaka dhahiri, na ile ya kumsajili mwanafunzi, ambayo hubadili kumbukumbu na pengine kudai malipo, itengwe kabisa na ile ya kutafuta, na maelezo yake yasisitize kwamba isiitwe kabla mwenyewe hajaridhia.

Anayetaka kuyapima maandishi yake na akusanye maswali ambayo wanafunzi huyauliza kweli pale dirishani, pamoja na makosa yao ya tahajia na vifupisho vyao, ampe wakala, kisha atazame si jawabu la mwisho peke yake bali pia zana iliyoitwa na vigezo ilivyopewa. Na palipokosewa, aanze kwa kusahihisha ibara kabla hajaugusa msimbo.