Namna ya Kusoma Kazi ya Jeni: Mfano wa Wahadza wa Singida

Jeni kuwamo mwilini ni jambo moja, na jeni kufanya kazi ni jambo jingine. Ifanyapo kazi, jeni hutoa nakala za RNA, na wingi wa nakala hizo ndio upimwao. Tangu mwaka 1995 wataalamu wametumia kibao cha kioo chenye vitone vya DNA. Nakala zilizotiwa rangi hunata juu ya vitone vinavyolingana nazo, na mng'ao wa kila kitone huonyesha wingi wake.

Lakini mng'ao ni dalili tu. Mathalani, zikipimwa jeni 10,000 kwa kipimo kinachokubali makosa 5 katika kila 100, jeni zipatazo 500 zaweza kuonekana zimebadilika kwa bahati tu. Hapana budi kurudia jaribio, kisha kuzipima jeni zilizoteuliwa kwa njia nyingine kabisa.

Haja ya njia ya pili yaonekana pia katika uchunguzi wa Sarah Tishkoff na wenzake uliochapishwa mwaka 2007, ingawa huo haukutegemea vibao. Watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudani walinyweshwa sukari ya maziwa na damu yao ikapimwa, ili ijulikane kama jeni ya laktesi, kimeng'enya cha sukari hiyo, yaendelea kufanya kazi ukubwani. Badiliko liitwalo C-14010 lilionekana kufuatana na hali hiyo. Wachunguzi hawakutosheka, walilijaribu katika seli maabarani, nalo likazidisha kazi ya jeni.

Hata hivyo, uthibitisho huo una mpaka. Miongoni mwa Wahadza, ambao baadhi yao hukaa Mkalama mkoani Singida, badiliko hilo halikuonekana kabisa, hali kama nusu ya waliopimwa walimeng'enya sukari ile. Sababu nyingine yapasa itafutwe.

Hapa mwanaisimu naye ahusika, kwani makabila hayo yalipangwa kwa familia za lugha. Wahadza waliwekwa pamoja na Wasandawe wa Dodoma chini ya jina la Khoisan, kwa kuwa lugha zote mbili zina sauti za kidoko. Lakini Wasandawe walikuwa na badiliko hilo kwa kadiri ya asilimia 13, na wanaisimu wengi leo huhesabu Kihadza kuwa lugha isiyo na jamaa ajulikanaye. Wastani wa kundi hilo haungewaeleza Wahadza wala Wasandawe. Basi jina la kundi nalo lahitaji kuthibitishwa, kama ithibitishwavyo jeni.