KADIMIAMU: MZIGO UNAOMFUATA MFANYAKAZI HADI NYUMBANI



Sisi wa Rusizi, tulio katika saruji na mpunga wa Bugarama na katika chai ya Shagasha, tumezoea kuogopa vumbi tunaloliona. Leo tunaeleza sumu isiyoonekana, yaani madini ya kadimiamu, na namna mwili unavyopambana nayo.

Yapo madini ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo sana, kama zinki na shaba. Kadimiamu haina faida yoyote mwilini. Imo katika betri za nikeli na kadimiamu, katika baadhi ya rangi za manjano na nyekundu, na katika moshi wa baadhi ya vijiti vya fedha vya kulehemu. Imo kidogo pia katika mbolea za fosfeti. Mtumbaku huivuta kutoka udongoni, hivyo mvuta sigara huiingiza mapafuni mwake.

Mwili una mlinzi wake. Ni protini ndogo iitwayo metalothioneini, iliyogunduliwa mwaka 1957 katika figo za farasi. Ina salfa nyingi, na salfa ndiyo inayokamata madini. Protini moja huweza kushika chembe 7 za zinki au za kadimiamu. Tuifananishe na mtunza stoo wa kiwanda: zinki huigawa inapohitajika, kadimiamu huifungia. Sumu ikiongezeka, ini na figo hutengeneza protini hiyo kwa wingi zaidi.

Lakini stoo hujaa. Kadimiamu hukaa figoni muda mrefu mno: huchukua miaka 10 hadi 30 kupungua kwa nusu tu. Stoo ikifurika, figo huharibika. Huko Toyama, Japani, watu waliokula mpunga ulionyweshwa maji machafu ya mgodi waliugua figo na mifupa, na mwaka 1968 serikali yao ilitamka kuwa chanzo ni kadimiamu. Mwaka 1993 wataalamu wa kimataifa waliiweka katika orodha ya vitu viletavyo saratani kwa binadamu, hasa ya mapafu.

Tena mlinzi huyu hachagui wa kumlinda. Uvimbe wa saratani nao humtumia. Ipo dawa ya saratani iitwayo sisplatini, yenye madini ya platini. Uvimbe ulio na metalothioneini nyingi huweza kuikamata platini hiyo kabla haijafika inapotakiwa, na nguvu ya dawa ikapungua. Hiyo si sababu pekee ya dawa kushindwa, lakini ni mojawapo.

Kwa hiyo, ndugu, tusimwachie mlinzi wa mwilini kazi ambayo ni ya mwajiri. Tudai haya:

1. Tuambiwe kilichomo katika vijiti, rangi na mbolea kabla ya kuvitumia, na vijiti visivyo na kadimiamu vinunuliwe.

2. Karakana ziwe na mashine za kuvuta moshi, na barakoa za kufaa zitolewe. Kitambaa hakizuii moshi wa madini.

3. Pawepo maji na sabuni. Nasi tusile wala kuvuta sigara karakanani.

4. Wanaoshika kadimiamu wapimwe damu na mkojo, na majibu wapewe wenyewe.

Kila mmoja aandike na kutunza kazi alizofanya na miaka yake. Ugonjwa huu huweza kuja baada ya kustaafu, na siku hiyo karatasi ndiyo shahidi wetu.