Mshtuko wa moyo: kwa nini mkazi wa Mpwapwa apime presha mapema

Anayepatwa na mshtuko wa moyo Mpwapwa mjini hulazimika kusafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kuzibuliwa mshipa ulioziba. Wataalamu hutaka kazi hiyo ifanyike ndani ya saa 2 hivi tangu ugonjwa utambuliwe, kwa kuwa msuli wa moyo uliokosa damu huendelea kufa. Kwa aliyeko mbali zaidi wilayani, kama Kibakwe au Rudi, muda huo huweza kuisha akiwa bado anatafutiwa gari. Ndiyo maana kinga ina uzito zaidi huku.

Mengi yanayoleta mshtuko huo yanazuilika. Utafiti wa INTERHEART uliohusisha nchi 52 na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa mambo 9, yakiwemo sigara, lehemu, presha, kisukari na kitambi, yalibeba takriban asilimia 90 ya hatari.

Uzito wa kila jambo hubadilika kwa nyakati na mahali. Katika nchi nyingi tajiri uvutaji wa sigara umepungua, huku unene na kisukari vikiongezeka. Miongoni mwa Waafrika weusi, INTERHEART iliona presha ikiwa na nguvu zaidi. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu 1 kati ya 4 wa umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha, na takriban asilimia 9 wana sukari iliyopanda.

Maisha nayo yamebadilika: safari za miguu zimekuwa za bodaboda, na chipsi na soda zimeungana na ugali wa uwele na mlenda. Mafuta ya alizeti ni rafiki wa moyo, ila yakirudiwa kukaangia tena na tena huharibika. Chumvi yote ya siku, pamoja na iliyomo kwenye vyakula vya dukani, isizidi kijiko kimoja cha chai.

Presha haina dalili za kutegemewa, hivyo ipimwe. Kaa umetulia dakika 5, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usizungumze. Ikisoma 140/90 au zaidi, rudia siku nyingine. Ukianzishiwa dawa, usiziache kwa sababu umejisikia nafuu.

Maumivu ya kifua yanayobana, jasho jembamba na pumzi kukata si ya kusubiri asubuhi: nenda kituo cha afya mara moja.